Mguu wa Dinah

Kamukuywa, Bungoma
24 Agosti 2025

Baba Kui,

Salamu zitangoja. Naandika kwa sababu simu sitakupigia. Kwetu mama na mume wa binti yake hawaketi chumba kimoja, hawasemezani, hawashikani mkono. Hilo unalijua tangu ulipomwoa Dinah, hata kama huwa unacheka ukiambiwa. Barua nimempa Festus wa lori la mahindi, atakuachia hapo dukani kwako Kitale.

Jumatano mchana nilikuwa nachambua maharagwe, nikasikia gari kwa lango. Kutoka, namkuta binti yangu amesimama na magongo yake, na kando yake godoro, blanketi mbili na sanduku la nguo zake. Nguo zote, Baba Kui. Hata zile za baridi. Na gari lako linageuka, mimi nabaki na vumbi. Hukuzima hata injini. Mtoto umebaki naye.

Mimi si mtoto. Mke akipelekwa kwao na godoro lake, huyo amerudishwa. Ulimchukua akiwa mzima, anaimba sauti ya kwanza kwa kwaya ya kanisa. Akapata uvimbe wa paja, ukamtoa huku ukampeleka India kupigwa miale wiki tano nzima, na sasa umeona uvimbe haukupungua hata kidogo. Nimeupima kwa kiganja changu, umezidi ule wa Pasaka. Kwa hivyo umeona afadhali afie kwao, ili matanga yawe yetu na wewe uendelee kuuza mbegu.

Dinah nikimuuliza lolote anageukia ukuta. Niambie wewe, kwa kalamu: kisu ni lini, ama hakuna kisu?

Nelima, Mama Dinah


Kitale
27 Agosti 2025

Mama,

Barua yako niliisoma nikiwa nauza, nikampa mteja dawa ya kupe badala ya dawa ya minyoo. Amerudi kunitukana. Kwa hivyo wiki hii nimetukanwa na watu wawili.

Mke wangu sijamrudisha, hilo neno liondoe. Niligeuza gari haraka kwa sababu ni wewe uliyetuma maneno zamani kwamba nisionekane kwa boma yako ukiwepo. Nikishuka ni makosa, nisiposhuka ni makosa. Sasa ulitaka nipae? Godoro ni kwa sababu daktari alisema alale mahali laini, na kitanda cha kwako Dinah mwenyewe husema ni kama kulala juu ya magunzi.

Kuhusu ugonjwa, nitaeleza polepole, na tafadhali usome mara mbili. Ni saratani ya nyama, wanaiita sarkoma, na iko juu kabisa ya paja, karibu na nyonga. Eldoret walitupa njia mbili. Ya kwanza, wakate mguu wote mara moja. Ya pili, uvimbe upigwe miale kwanza, halafu utolewe peke yake na mguu ubaki. Dinah alichagua ya pili. India tulienda kwa ajili ya miale ya protoni. Hiyo ikifika kwa uvimbe inasimama hapo hapo, haipitilizi kuchoma kizazi na matumbo yaliyo nyuma yake. Shamba la baba yangu limeenda kwa safari hiyo na silalamiki.

Uvimbe kutopungua, hilo tuliambiwa kabla hata hatujapanda ndege. Unaweza kuongezeka huku ndani umekufa. Tunachongojea ni ngozi ipoe kabla ya kisu. Upasuaji ni Jumatatu tarehe 22 Septemba, Eldoret, na nitakuja kumchukua Jumamosi tarehe 20. Mpaka siku hiyo usimkande, usimpake mafuta ya maombi, usimwekee maji moto. Ngozi iliyopigwa miale ikichubuka sasa, kidonda cha upasuaji hakitafunga. Na hicho kiganja chako kiweke mbali.

Kwa nini amekuja kwako wakati huu, hayo ni yangu na yeye.

Waithaka


Kamukuywa
4 Septemba 2025

Baba Kui,

Usinifundishe kungoja. Mimi kungoja nakujua.

Mwanangu Mukhisa, kaka yake Dinah ambaye hukumkuta, alikuwa na uvimbe mgongoni kama yai la kuku. Kliniki moja ikasema ni mafuta tu, tungoje. Tukangoja mahindi yakavunwa, tukangoja yakapandwa tena. Nilimzika akiwa na miaka ishirini na miwili, na Dinah ndiye aliyemfunga macho. Sasa unaniandikia ati uvimbe unaongezeka kwa sababu umekufa. Nimefuga, nimelima, nimezika. Sijawahi kuona kitu kilichokufa kikinenepa.

Acha niseme ukweli ambao wewe unauzunguka. Hukutaka mke wa mguu mmoja. Uliona aibu ya kutembea naye mjini Kitale watu wakitazama, ndio ukamtia maneno ya miale mpaka akakubali. Mimi nataka mguu ukatwe, hata leo. Mtu wa mguu mmoja anapika, anaimba, analea mtoto wake. Aliye kaburini hafanyi lolote.

Wazee wa ukoo wetu waliketi Jumapili baada ya ibada. Wamenisikiliza na wamekubaliana nami. Festus anakuletea barua hii pamoja na ng'ombe, yule wa mabaka uliyemleta mwaka wa harusi. Amelishwa vizuri, anakamuliwa mara mbili, nimemfungia na nyasi ya njiani. Akishafika kwako, mimi sina neno la kuongeza.

Nelima


Kitale
8 Septemba 2025

Mama,

Nakiri umenishangaza. Nilifungua lango nikamwona ng'ombe anashushwa kwa lori, nikamuuliza Festus kama amekosea nyumba. Baada ya yale maneno yako ya mguu mmoja nilikuwa tayari nimeandika barua nyingine, kali, nikairarua.

Sikutarajia msaada kutoka kwako, na sitaficha kwamba tulikuwa tumekwama kwa pesa ya upasuaji. Kwa hivyo nimemuuza siku hiyo hiyo kwa jirani mwenye maziwa, na malango ya hospitali Eldoret sasa yako wazi. Mama yangu alipoona alisema, kumbe watu wa Bungoma wana roho. Mimi pia nimesema asante kwa Mungu mbele ya duka zima.

Haimaanishi nimesahau uliyoandika. Mimi kuonea aibu mguu wa mke wangu, hilo tutaliongea siku tukiwa tunaruhusiwa kuongea, kama siku hiyo itafika. Lakini aliyetoa ametoa.

Mwandae Dinah Jumamosi tarehe 20 asubuhi. Mwambie Kui amejifunza kusoma saa ya ukutani na kila jioni ananisomea kwa nguvu.

Waithaka


Kamukuywa
12 Septemba 2025

Bwana Waithaka,

Jina lako sasa naweza kulitaja, kwa sababu wewe si mkwe wangu tena.

Nilifikiri labda utasoma, utashtuka, utamtia ng'ombe kwa gari jioni hiyo na kuja na wazee wako kuuliza kosa. Hivyo ndivyo mwanaume anayemtaka mke wake hufanya. Ng'ombe wa mahari akirudishwa na akapokelewa, ndoa imekwisha, hata mtoto wa shule ya msingi hapa Kamukuywa atakwambia. Wewe ulimpokea, ukamuuza kabla jua halijatua, ukaniandikia asante. Asante! Miaka ya kufanya kazi na watu nimeona dharau nyingi, ya asante bado nilikuwa sijaiona.

Kwa hivyo tarehe 20 usije. Dinah ni binti wa nyumba hii, na mambo ya mguu wake tutayamaliza sisi. Nimeshampeleka kwa daktari wa upasuaji Bungoma mjini. Na Mungu akimchukua, atalala kando ya Mukhisa. Huko kwenu Kitale hamna hata mahali pa kumchimbia, si umeuza.

Kui nitamfuata wakati wake.

Nelima


Kitale
15 Septemba 2025

Mama Dinah,

Nilipeleka barua yako kwa Joan, jirani yangu, yeye ni wa Sirisia, anajua mila zenu. Aliisoma amesimama. Halafu aliketi chini akashika kichwa. Akaniuliza, "Ulimuuza kweli?"

Mimi ni mtu wa Trans-Nzoia, nimezaliwa hapa, baba yangu alitoka Nyeri na jembe. Kwetu mkwe akikuletea ng'ombe wakati wa ugonjwa, amekuletea ng'ombe. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kuachanishwa na mke wake kwa lori la mahindi. Ungeandika neno moja tu: ndoa. Ulijaza ukurasa mzima kwa kunitukana, neno hilo moja likakosa nafasi.

Mimi sijaacha mtu. Jumamosi nitakuja, na nitakuja na Chifu kama italazimu. Unajua unachofanya? Uvimbe umepigwa miale yote, ngozi imepoa, madaktari wamepanga siku. Dirisha la kisu ni hili. Likipita, nyama inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma na kilichobaki hai kinaweza kuanza upya. Dinah aliteseka wiki tano kwenye ule ubao baridi wa miale amefungwa asitikisike, kwa ajili ya mguu ambao wewe unataka kuutupa kwa sababu ya hasira yako.

Na kwa kuwa umeandika kwa mkono wako kwamba mimi si mkwe wako, basi hakuna mila inayonizuia. Nitaingia kwako kwa mlango wa mbele. Nitakutazama usoni na nitakushika mkono mbele ya soko lote la Kamukuywa, nikuulize habari ya asubuhi.

Waithaka


Eldoret, wodini
19 Septemba 2025

Mama, na Baba Kui,

Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mmoja apate yake na hakuna wa kusema hakuona.

Msinitafute. Jana ulipokwenda sokoni, Mama, nilimpigia simu mtu wa teksi, nikatoka na magongo yangu na mfuko mmoja. Nimelazwa tayari kwa Jumatatu. Karatasi ya upasuaji nimetia sahihi mwenyewe. Muuguzi aliniuliza aandike nani kama mtu wangu wa karibu. Nilimwambia aache wazi kwanza.

Mama, wewe ukiandika huwa unasema maneno kwa sauti, na ukisoma pia. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nimesikia barua zote, zako na zake. Nimesikia nikirudishwa, nikiuzwa, nikizikwa. Hakuna hata mmoja aliyebisha mlango kuniuliza.

Sasa semeni ukweli, na msiposema nitasema mimi.

Mama, yule daktari wa Bungoma hakukubali kukata. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuambia uvimbe umejaa maji, kwa picha katikati umekufa, asingegusa kazi ya wenzake, turudi Eldoret tarehe ile ile. Ni yale yale aliyokuandikia Baba Kui. Ukatoka ukaniambia amekubali, tunangoja tu nafasi ya kitanda. Uliniangalia machoni ukisema hivyo. Najua ni Mukhisa uliyekuwa unamwona. Mimi pia namwona. Lakini mimi si Mukhisa, na paja ni langu.

Baba Kui, wewe nawe. Wiki tatu unatukanwa na hukusema ni mimi niliyekuomba unipeleke kwa mama. Nilikukataza kusema, ndiyo. Lakini kuna siri ya kutunza na kuna ujinga. Ungemwambia siku ya kwanza, ng'ombe angekuwa zizini mpaka leo.

Niliogopa kufa, Mama. Nilirudi kutoka India nikiwa jasiri mbele ya kila mtu, na usiku wa kwanza nyumbani nikaona siwezi. Nilitaka kulala mahali nasikia ukichambua maharagwe. Nguo nilizifunga mimi mwenyewe, zote, kwa sababu sikujua kama nitarudi kuzichukua. Kui nilimwacha ili asinione nikilia. Sikukwambia kwa sababu ungeogopa kunishinda, na ulivyo, uoga wako hugeuka vita.

Daktari amenieleza itakavyokuwa. Uvimbe utatoka, Mungu akipenda mguu utabaki, lakini kidonda cha mtu aliyepigwa miale kabla ya kisu kinachelewa kufunga. Kitakuwa wazi wiki nyingi, pengine miezi. Nitapelekwa nyumbani Kitale, kwa mtoto wangu, na kila siku lazima kioshwe. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anainua mguu na kuushika bila kutikisika, mwingine anaosha na kufunga. Beth, dada yake Baba Kui, amejitolea. Nimemkatalia.

Mtakuwa nyinyi wawili. Kama hamwezi, nitajiosha mwenyewe na kiwe kitakavyokuwa.

Dinah


Kitale
2 Oktoba 2025

Mama Dinah,

Najua Dinah amekupigia, lakini naandika ili isije ikasemwa tena kwamba sikueleza.

Walitoa uvimbe wote, haukupasuka. Ulipochunguzwa, karibu wote ulikuwa umekufa ndani. Mguu upo. Vidole anachezesha. Kidonda kimeanzia kinenani mpaka karibu na goti, juu kimeshikana, chini bado kiko wazi na kuna mashine ndogo inanyonya maji. Daktari hakushangaa. Jumatatu anatoka, namleta hapa.

Yule wa mabaka nilikwenda kumwomba jirani. Amekataa, ng'ombe ana mimba na yeye anapenda maziwa yake. Wazee wetu na wenu watajua la kufanya, mimi nimechoka na ng'ombe.

Nilikosea kukutishia mkono. Nilikuwa nimekasirika na bado nimekasirika, lakini hilo halikuwa la kuandikiwa mtu wa umri wako.

Nataka kuuliza jambo moja. Alhamisi ile ulipokuja wodini nilikuona kwa korido. Ulinipa mgongo, ukafunika kichwa na leso, ukangoja dirishani mpaka nikapita. Lakini si uliandika mimi si mkwe wako? Sasa ulikuwa unamkwepa nani?

Dinah hajajaza lile jina kwa karatasi. Nimeuliza.

Waithaka


Kamukuywa
5 Oktoba 2025

Baba Kui,

Nimesoma. Usidhani hii ni barua ya mapatano. Uliuza ng'ombe wangu bila kuuliza mtu, na hilo nitalisema kwa kila mkutano mpaka nizikwe. Mimi nami ya yule daktari nilificha, ni kweli. Nilitaka mtu mmoja tu mwenye koti jeupe aniambie kwamba safari hii hatungoji. Aliponikatalia nikajipa jibu mwenyewe. Mtoto angepoteza mguu kwa ajili ya hilo. Silali vizuri.

Wazee wanasema siwezi kukanyaga nyumba yako kabla haya ya mama na mkwe haijaondolewa kwa utaratibu, pande zote mbili zimekaa na watu wamekula. Nimewaambia kidonda hakingoji wazee. Wamenuna. Wacha wanune.

Nitafika Jumanne asubuhi. Haya ndiyo masharti yangu. Kwako sitakula, nitakuja na chai yangu kwa chupa. Ukishafungua mlango usisimame hapo, rudi ndani utazame kwingine mpaka nifike kwa kitanda. Wewe utashika kisigino, uinue, uangalie dirisha. Mimi nitaosha na kufunga, na nikiwa naosha usigeuke hata ukisikia nalia. Ukitaka kuniambia kitu mwambie Dinah, nami nitamjibu Dinah. Yeye atakuwa katikati, na atuvumilie, ni yeye aliyetaka.

Na mkono usininyooshee. Uliuliza nilikuwa namkwepa nani pale wodini. Mtu baki ningemsalimia.

Nelima